Cynthia Robinson hakuwa pambo la bendi

Mwanamuziki Sly Stone wa Marekani alipofariki mnamo Juni 9, 2025, nilisoma tanzia kadhaa zilizoandikwa kumhusu. Aghalabu Cynthia Robinson alitengewa sentensi moja tu: mwanamke aliyepiga tarumbeta. Kisha mwandishi akaendelea na yake. Naona huku ni kumpunja marehemu huyo, aliyeaga dunia kwa saratani Novemba 2015.

Robinson, mzaliwa wa Sacramento, California, hakuokotwa njiani ili kuipamba bendi. Alikuwa akipiga tarumbeta pamoja na Sly hata kabla ya Sly and the Family Stone kuundwa mjini San Francisco mnamo 1966. Katika bendi hiyo walichanganyika weusi kwa weupe, wake kwa waume, ilhali mwaka uliofuata miji ya Detroit na Newark iliwaka moto wa ghasia za rangi.

Ni kweli kwamba wanawake wapiga tarumbeta walikuwapo kabla yake. Valaida Snow alivuma katika miaka ya 1930, nayo International Sweethearts of Rhythm ilianzia katika shule ya Piney Woods, jimboni Mississippi, mwaka 1937. (Walimu wenzangu watambue kwamba ilianzia shuleni.) Hata hivyo, hiyo ilikuwa bendi ya wanawake. Robinson alisimama bega kwa bega na Jerry Martini, mpiga saksafoni, mbele ya umati wa Woodstock mnamo Agosti 1969, akipimwa kwa kipimo kile kile.

Na kazi yenyewe? Katika muziki wa fanki tarumbeta haiachiwi kutangatanga ipendavyo kama katika jazi. Hutoa sauti fupi, kali, kisha hunyamaza, ili mdundo upate nguvu. Anayechelewa hata kidogo huuvuruga wimbo mzima. Msomaji ausikilize "Dance to the Music", uliotia fora mwaka 1968. Sauti inayowaamuru watu wainuke wacheze ni ya Robinson. Je, pambo huamuru?

Bendi ilipoanza kusambaratika katika miaka ya 1970, wenzake waliondoka mmoja mmoja, yeye akabaki. Baadaye alishirikiana na George Clinton na Larry Graham, na mnamo 1993 aliingizwa pamoja na wenzake katika Rock and Roll Hall of Fame.

Wapo watakaosema kwamba kumkumbuka kwa uanauke wake ni heshima tosha. Sikubaliani nao, ingawa sina haki ya kujitia usafi. Katika shule moja niliyofundisha, wavulana walikabidhiwa tarumbeta na ngoma za bendi, wasichana wakapelekwa kwaya. Hakuna msichana aliyeulizwa alichotaka. Orodha ile niliiandika mimi.