Mcheza kwao hutunzwa; na asiyepewa uwanja?

Methali hii twaijua sote: Mcheza kwao hutunzwa. Maana yake, mtu akicheza vema mbele ya watu wa kwao, hawamwachi arudi mikono mitupu. Juma hili twataka kuwapeni habari za uwanja mmoja mkubwa wa kutunzia wachezaji, ulio mbali nasi, katika nchi ya Marekani. Ni sherehe inayofanywa kila mwaka kwa ajili ya michezo ya televisheni inayoonyeshwa jioni, saa ambazo watu wengi wamekwisha kurudi nyumbani na kupumzika. Zawadi yake yaitwa Emmy. Kwanza tutaeleza jinsi ilivyoanza na jinsi igawiwavyo. Kisha tutauliza swali moja, ambalo lafaa kuulizwa popote zawadi zinapogawiwa.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Mwaka wa 1946, katika mji wa Los Angeles, mtu mmoja jina lake Syd Cassyd alikusanya wenzake wachache, wakaunda Akademia ya Televisheni. Siku zile nyumba zenye televisheni zilikuwa chache, na watu wengi wa sinema waliidharau kazi hiyo mpya. Tarehe 25 Januari 1949 Akademia ikafanya sherehe yake ya kwanza katika jumba la Hollywood Athletic Club. Kiingilio kilikuwa dola 5. Zawadi zilizotolewa usiku ule zilikuwa 6 tu, nazo zilihusu vituo vya Los Angeles peke yake. Aliyeheshimiwa kuwa mtu bora wa televisheni alikuwa binti kijana, Shirley Dinsdale. Ufundi wake ulikuwa kumsemesha mwanasesere wake, Judy Splinters, pasipo watu kuona midomo yake mwenyewe ikitikisika.

Na jina Emmy latoka wapi? Ndani ya kamera za siku zile mlikuwa na chombo cha kioo kilichonasa picha na kuigeuza kuwa umeme. Mafundi walizoea kukiita Immy. Kwa kuwa sanamu iliyochaguliwa ni ya mwanamke, jina likageuzwa kidogo, likawa Emmy. Sanamu hiyo ilibuniwa na fundi mmoja wa televisheni, Louis McManus, akifuata sura ya mke wake. Ni mwanamke mwenye mabawa, ameinua mikononi mfano wa atomu. Mabawa ni alama ya sanaa, na atomu ni alama ya sayansi. Maana televisheni haiendi kwa mguu mmoja: pasipo mafundi wa umeme hakuna picha, na pasipo wasanii picha haina kitu cha kutuambia.

Leo Akademia ina wanachama zaidi ya 20,000, na hao ndio wapigao kura. Wachezaji huwateua wachezaji, waandishi huwateua waandishi, waongozaji huwateua waongozaji. Maana fundi hupimwa vema na fundi mwenziwe. Kazi za mwaka huhesabiwa tangu tarehe 1 Juni hata tarehe 31 Mei, na sherehe kubwa kwa kawaida hufanyika mwezi wa Septemba. Zawadi zenyewe zimezidi 100. Kwa hiyo wapiga picha, washona mavazi, wapamba nyuso na watengeneza sauti hupewa zao siku za pekee, kabla ya usiku ule mkubwa ambao watu wengi huutazama. Ndivyo ilivyo: nyuma ya uso mmoja unaong'aa mna mikono mingi tusiyoiona.

Je, wapiga kura hao hukosea? Hukosea, kama wanadamu wote. Angalieni habari za Bibi Angela Lansbury. Kwa miaka 12, tangu 1984 hata 1996, alicheza katika mfululizo ulioitwa Murder, She Wrote, naye alikuwa mwandishi wa hadithi mwenye kufichua wauaji. Kila mwaka kati ya miaka hiyo aliteuliwa kushindania Emmy. Ukijumlisha na kazi zake nyingine, aliteuliwa mara 18. Hakuipata hata mara moja mpaka kufa kwake mwaka wa 2022. Watu walimwonea huruma, na tena walimcheka kidogo kwa upendo. Lakini hatuwezi kusema kwamba alidhulumiwa. Alipewa uwanja, akacheza mbele ya mamilioni ya watu, akapendwa, akalipwa, akashindana na wenzake, nao wakampita kwa kura. Kushindana na kushindwa ni desturi ya mashindano.

Lakini lipo jambo la namna nyingine, lililo zito kuliko kushindwa. Ni kuzuiwa usiingie uwanjani. Hapo ndipo lilipo swali letu: kama mcheza kwao hutunzwa, atatunzwaje yule ambaye hata kwao hakupewa mahali pa kucheza?

Ili tuelewe, yafaa tujue fedha za televisheni ya Marekani zilitoka wapi. Katika miaka ile ya kwanza mtazamaji hakulipa kitu. Waliolipa ni makampuni ya biashara, yenye kutaka kutangaza sabuni, motokaa au dawa ya meno katikati ya mchezo. Basi kampuni isipokubali kulipia, mchezo ulikufa, hata kama ni mzuri namna gani.

Tarehe 5 Novemba 1956 mwimbaji mweusi Nat King Cole alianza kipindi chake mwenyewe katika mtandao wa NBC. Sauti yake ilijulikana katika nchi nyingi, na sahani zake za santuri ziliuzwa kwa weusi na kwa weupe. Waimbaji wakubwa wakaja kumsaidia kwa malipo madogo, kwa sababu ya urafiki. Lakini hakuna kampuni iliyokubali kukilipia kipindi chake katika nchi nzima. Wafanya biashara waliogopa kwamba wazungu wa majimbo ya kusini wangekasirika, wasinunue tena bidhaa zao. Mwezi wa Desemba 1957 kipindi kikakoma. Hakukosa ufundi, wala hakukosa wasikilizaji. Alikosa mwenye kumfungulia uwanja.

Miaka miwili baadaye, Desemba 1959, mwimbaji mwingine mweusi, Harry Belafonte, alipewa saa nzima ya kuimba katika televisheni. Akaitumia vema, na mwezi wa Juni 1960 akapewa Emmy, wa kwanza miongoni mwa Wamarekani weusi. Waliolipia kipindi kile wakataka afanye vingine. Lakini katika vipindi vyake weusi na weupe walionekana wakiimba na kucheza pamoja. Watu wa kusini wakanung'unika, naye akaambiwa achague rangi moja tu. Belafonte akakataa, na mpango ukavunjika. Oneni jinsi mambo yalivyokuwa: zawadi alikwisha kuipata, lakini uwanja ulikuwa bado mikononi mwa wengine.

Mlango ukafunguka polepole. Mwaka wa 1970 Gail Fisher akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Emmy, kwa kazi yake katika mfululizo ulioitwa Mannix. Mwaka wa 1974 Cicely Tyson akatunzwa kwa kucheza habari za ajuza aliyezaliwa utumwani, akaishi miaka zaidi ya mia moja. Kisha, mwezi wa Januari 1977, ukaonyeshwa mchezo ulioitwa Roots, yaani Mizizi, uliotoka katika kitabu cha Alex Haley. Ulisimulia habari za Kunta Kinte, kijana wa Gambia aliyekamatwa akavushwa bahari na kuuzwa, na habari za uzao wake katika nchi ya utumwa. Watu waliutazama kwa siku 8 mfululizo, na zaidi ya nusu ya nyumba za Marekani zenye televisheni zilikuwa zimefunguliwa kwenye mchezo huo usiku wa mwisho. Mwaka ule mchezo huo uliteuliwa mara 37 ukapata Emmy 9. Louis Gossett na Olivia Cole walikuwa miongoni mwa wachezaji walioshinda, na Quincy Jones alishiriki zawadi ya muziki.

Tuulize sasa: wachezaji hao walizaliwa mwaka ule wa 1977? Ufundi wao ulishuka ghafula kama mvua? Sivyo. Walikuwapo tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni kwamba hadithi imeandikwa, imelipiwa, na imehitaji nyuso zao. Uwanja mmoja ukafunguliwa, na wachezaji wengi wakaonekana kwa mara moja.

Lakini uwanja uliofunguliwa mara moja waweza kufungwa tena. Mwaka wa 1981 Isabel Sanford alipata Emmy ya mchezaji mkuu wa kike katika michezo ya kuchekesha, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Wa pili, Quinta Brunson, aliipata Januari 2024. Kati ya hao wawili ilipita miaka zaidi ya 42. Na katika michezo isiyo ya kuchekesha, ile inayoendelea mwaka hata mwaka, zawadi kama hiyo haikumfikia mwanamke mweusi mpaka Septemba 2015, alipoipokea Viola Davis. Yaani miaka 66 tangu sherehe ya kwanza! Usiku ule Viola Davis hakuwalaumu wapiga kura. Alisema kwamba kinachowatenga wanawake weusi na wengine ni nafasi tu, na kwamba mtu hawezi kushinda Emmy kwa michezo isiyokuwapo. Kisha akawashukuru waandishi, waliowaza kwamba mwanamke kama yeye aweza kuwa ndiye mkuu wa hadithi.

Twadhani alisema kweli, na twaomba mlishike neno hilo. Wengine hufikiri kwamba dawa ni kuzigawanya zawadi kwa hesabu ya rangi: hawa wapewe ngapi na wale ngapi. Sisi twaona kwamba zawadi ya kuhurumiwa haimheshimu anayeipokea. Lakini wengine husema: "Kama wangalikuwa hodari, wangalishinda tangu zamani." Hao nao wamekosea, tena wamekosea zaidi. Chanda chema huvikwa pete, ndiyo. Lakini chanda kilichofungwa ndani ya ngumi kitavikwaje? Haki ya zawadi haianzi usiku wa sherehe. Yaanza mbali, siku ile kazi inapogawanywa: nani ameandikiwa hadithi, nani amelipiwa, nani ameitwa kujaribiwa.

Miaka hii uwanja umepanuka. Mwaka wa 2022 Lee Jung-jae wa Korea ya Kusini alipata Emmy ya mchezaji mkuu wa kiume, kwa mchezo uliosemwa Kikorea. Januari 2024 Trevor Noah, mzaliwa wa Johannesburg, alitunzwa kwa kipindi chake cha mazungumzo na mzaha. Sherehe hiyo ilikuwa ya mwaka 2023. Ilicheleweshwa kwa sababu waandishi na wachezaji waligoma, wakidai malipo ya haki, na jambo hilo nalo lafundisha, maana mikono isiyoonekana ikiacha kazi hata sherehe husimama. Septemba 2024 mchezo wa Shōgun, ambao sehemu kubwa yake yasemwa Kijapani, ulifikisha Emmy 18 kwa mwaka mmoja, hesabu ambayo mchezo mwingine haukuwa umeifikia kabla yake. Watu wa nchi nyingi hawakupata akili mpya mwaka huo. Walipata mahali pa kuonyesha ile waliyokuwa nayo.

Basi, ninyi wazazi na walimu, habari hizi za mbali zatuhusu nini? Mwisho wa mwaka wa shule majina ya walioshinda husomwa, nasi hupiga makofi. Ni vizuri, makofi hayo ni haki yao. Lakini katika nyumba moja mna mvulana aliyekaa chini ya taa na kitabu chake kila jioni, na dada yake aliyechota maji, akapika, akaosha vyombo, akabeba mtoto, kisha akalala kwa uchovu. Jina la mvulana likisomwa na la dada yake lisisikike, tusiseme haraka: "Huyu ana akili, huyu hana." Tujiulize kwanza kama wote wawili walipewa saa ileile na taa ileile. Mtoto akishindana akashindwa, tumtie moyo, ajaribu tena. Kushindwa hakumvunji mtu. Asipopewa nafasi kabisa, hatutajua kamwe alichokuwa nacho, wala yeye mwenyewe hatajua.

Nanyi wanafunzi, mkipata zawadi furahini bila kujivuna, mkamkumbuke aliyewashikia kazi nyumbani ili mpate kusoma. Na mkikosa, msidhani kwamba kura za watu ndizo kipimo cha mwisho cha kazi yenu. Jioni ya leo, kabla ya kufungua vitabu, mtazameni ndugu yenu aliye jikoni. Mkasaidiane naye kazi, ili naye apate kukaa chini ya taa.