Barua ya Wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Nakuru: Taka za Olkaria Zipewe Siku Yake

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kuhusu taka za nyumbani: maganda ya viazi, majani chai, pampasi, chupa za soda, betri za redio. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Ombi langu ni kila kijiji cha wadi ya Olkaria kiwe na siku yake maalum ya lori la taka, na siku hiyo iheshimiwe.

Nimetanguliza siku kabla ya mapipa kwa makusudi. Pipa lisilo na lori hujaa upesi, na likishajaa huwa jaa mlangoni pa mtu. Mama mwenye nyumba akijua kwamba lori hupita Jumatano asubuhi, ataweka taka kavu guniani, atalifunga na kulitoa siku hiyo. Asipojua, atachoma, atafukia, au atamtuma mtoto akamwage korongoni.

Makorongo ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Udongo wetu umetokana na majivu ya volkeno, ni mwepesi na hukatwa haraka na maji. Kwa miezi mingi korongo huwa kavu, na mtu hudhani amepata shimo la bure. Kisha mvua hunyesha mbali, maji yakashuka kwa kishindo hata mahali ambapo hapakudondoka tone. Aprili 2012, na tena Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu ndani ya korongo la Ol Njorowa, katika mbuga ya Hell's Gate. Maji yaliyowazoa watu wazima yatashindwaje na gunia la pampasi? Upande wa Kamere na Kwa Muhia maji hushuka kuelekea Ziwa Naivasha, ambalo tangu 1995 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Samaki wa ziwa hilo ndio kitoweo chetu.

Wafugaji nao wana kilio chao. Ng'ombe hachambui, akikuta karatasi ya plastiki yenye chumvi au mabaki ya ugali, humeza vyote pamoja. Plastiki haisagiki tumboni wala haitoki. Mnyama hukonda huku tumbo limejaa, na mara nyingi mwenyewe hugundua sababu siku ya kumchinja. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilisaidia, na wote walioisimamia wanastahili shukrani. Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zikapigwa marufuku ndani ya mbuga za taifa. Lakini chupa iliyozuiwa langoni hubaki nje ya lango, na upepo wa huku huichukua unakotaka.

Wanaochoma taka uani hufanya hivyo kwa nia ya kusafisha boma. Hata hivyo plastiki ikiungua hutoa sumu kama dioksini pamoja na chembe laini zinazoingia mapafuni, na wanaouvuta moshi huo kwanza ni watoto wanaocheza hapo hapo. Pampasi iliyolowa haishiki moto, kwa hiyo hutupwa chooni. Choo cha shimo hujaa kabla ya wakati wake, na gari la kunyonya majitaka likiitwa, bomba huziba. Familia hulipa mara mbili.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Tuko tayari kuitii, maana inatufaa. Sehemu kubwa ya taka za jikoni ni maganda na mabaki ambayo mbuzi watakula au yatakuwa mbolea. Kinachobaki ni kikavu na chepesi, na lori litahitaji safari chache, jambo ambalo ni nafuu kwa hazina ya kaunti. Ila wazoaji wakimimina pamoja gunia la taka zinazooza na la zisizooza mbele ya macho ya watu, hakuna atakayetenganisha tena. Tafadhali waagizwe wasiyachanganye, na wapewe glovu nzito na buti, kwani ndani ya magunia hayo mna nyembe na vioo.

Napendekeza muanzie kijiji cha RAPland. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishiwa huko kupisha mtambo wa Olkaria IV, zikajengewa makazi yaliyopangwa tangu mwanzo. Waliohama ili nchi ipate umeme wana haki ya kuwa wa kwanza kuhudumiwa, wala si wa mwisho.

Ratiba ikishaandaliwa, ibandikwe kwenye ofisi ya chifu na isomwe barazani kwa Kiswahili na Kimaasai. Iwekwe pia namba ya simu ya afisa tutakayempigia siku lori lisipofika. Tunakuomba, Mheshimiwa, ianze kabla ya mvua za Machi.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Olkaria, Naivasha