Mlezi wa Karibu Kwanza, wa Mbali Afuate

Ulezi wa masomo, yaani utaratibu ambao mtu mzima mwenye uzoefu humwongoza mwanafunzi katika kujifunza na kuchagua njia yake bila kushika nafasi ya mzazi wala ya mwalimu, hauwezi kuendeshwa kutoka Brussels au Montréal kwa simu peke yake, hata kama wanajumuiya waliotoka Kamalondo, mtaa wa jiji la Lubumbashi nchini Kongo (DRC), wana elimu na nia ya kuuendesha. Umeme ukikatika siku ya kikao au familia ikikosa fedha za intaneti, mlezi wa mbali huambulia kimya asichoweza kukifasiri, ilhali anayeishi mtaani huipata habari siku hiyohiyo.

Kwa hiyo inafaa kila mwanafunzi awe na walezi wawili. Wa kwanza, atakayetafutwa miongoni mwa walimu wastaafu au wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akutane naye kila juma katika chumba cha shule au cha parokia, mahali panapoonekana na watu. Wa pili, aliye ughaibuni, azungumze naye mara moja kwa mwezi mbele ya yule wa kwanza, jambo litakalomlinda mtoto na kumwepusha mlezi na tuhuma. Ratiba ifuate saa za Lubumbashi, kwani saa kumi alasiri huko ni saa nne asubuhi Montréal wakati wa kiangazi na saa tatu wakati wa baridi.

Wengi hungoja Mtihani wa Dola, ule wa mwisho wa sekondari, ndipo wajitolee kusaidia. Hata hivyo mwanafunzi huelekezwa kwenye mkondo mwishoni mwa mwaka wa nane, baada ya jaribio la taifa liitwalo TENASOSP, na katika miaka minne inayofuata husomea ualimu, biashara, sayansi au ufundi. Muuguzi au fundi umeme anayemweleza mtoto wa mwaka wa saba jinsi kazi yake ilivyo humfaa kuliko anayemtumia vitabu vya marudio mwaka wa mwisho.

Elimu bila malipo iliyoanza mwaka 2019 ilihusu shule za msingi za umma, hivyo mzigo wa ada za sekondari ungali mabegani mwa wazazi. Jumuiya ikitaka kuuchangia, ifanye hivyo kupitia mfuko mwingine, kwa maana mtoto anayemwona mlezi wake kuwa ndiye mlipaji ada atamficha alama mbaya, na ulezi utakuwa umepoteza kazi yake.