Barua ya Wazi: Paneli Nzima, Bomba Kavu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa mamlaka inayosimamia maji ya vijiji vya Nakivale, Wilaya ya Isingiro, Uganda

Anayeandika barua hii ni fundi cherehani wa Nakivale, mama wa binti anayesoma darasa la saba (P7). Tangu kontrola ya pampu ya umeme wa jua iungue kijijini, binti huyo huamka kabla ya jua na kushika njia ya ziwani na jerikeni mbili, wakati wenzake wa vijiji vyenye maji wanaelekea darasani. Mitihani ya majaribio ya muhula wa pili ilimpita. Mwezi Novemba atakaa kwenye chumba cha PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na watoto ambao hawakukosa hata somo moja, na msahihishaji hatamuuliza maji yalitoka wapi.

Mheshimiwa Mkurugenzi anaujua mradi wenyewe. Paneli ziko juu ya vyuma vyake, hakuna hata moja iliyopasuka. Tangi limesimama. Mabomba yamefukiwa, koki ziko mahali pake. Kilichokufa ni kontrola, kisanduku kimoja kilichofungwa ukutani, cha kubebeka mkononi, ambacho ukikifungua unakuta waya zilizoyeyuka zikashikamana na ubao wake. Fundi mmoja wa Mbarara alionyeshwa picha yake kwenye simu, akasema vya namna hiyo vinapatikana Kampala.

Kila kifaa kina umri wake, na waliojenga walijua. Paneli nzuri ya jua hutarajiwa kufanya kazi miaka 20 hadi 25. Kontrola na mota ya pampu hazifiki huko; kwa kawaida hubadilishwa mara moja au zaidi kabla paneli hazijachoka. Kwa hiyo kuungua kwa kisanduku hiki hakuwezi kuitwa ajali. Kulitarajiwa tangu siku utepe ulipokatwa, na siku hiyohiyo ilipasa mtu aandike kwamba kifaa hiki kitabadilishwa mwaka fulani, kwa pesa ya mfuko fulani, na mtu fulani atawajibika.

Hakuna aliyeandika. Mradi ulijengwa na shirika moja, mkataba wake ulipokwisha ukapokewa na shirika jingine, mwishowe ukafika kwa mamlaka. Kila makabidhiano yalikuwa na hotuba na kibao kipya. Faili halikufuata. Mwandishi wa barua hii alipokwenda ofisini kuuliza, aliambiwa hakuna kumbukumbu inayoonyesha kontrola ni ya aina gani wala ilifungwa lini, hivyo haiwezi kuagizwa. Alirudi nyumbani, na asubuhi iliyofuata binti alichukua jerikeni zake.

Kijiji kilijaribu kurudi kwenye kisima cha zamani cha pampu ya mkono ya aina ya U2, ambayo kila mtu Uganda anaijua. Maji yalitoka mekundu kwa kutu, yakaacha madoa kwenye sare za shule na kwenye ugali. Baadaye bomba la ndani likakatika na kutumbukia kisimani. Hilo nalo lilijulikana zamani: mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ilisimamisha matumizi ya mabomba ya mabati kwenye pampu za namna hiyo kwa sababu ya kutu. Yaliyokwisha kufungwa kabla ya hapo yaliachwa ardhini yaendelee kuliwa. Sasa kuna wanaonunua maji kwa bodaboda, kuna wanaougua matumbo, na ziwani kuna viboko. Lakini atakayepita barabarani saa mbili asubuhi ataona jambo moja kabla ya mengine yote: watoto wa umri wa shule, jerikeni kichwani, wakienda upande usio wa shule.

Itasemwa kwamba Nakivale ni makazi ya wakimbizi, na mambo ya wakimbizi ni ya muda. Makazi haya yalianza mwaka 1958 kwa kuwapokea watu wa Rwanda. Leo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, zaidi ya watu laki moja, wanaishi humu, na Wanyankole jirani zao huchota kwenye koki zilezile. Kitu cha tangu 1958 hakiwezi kuendeshwa kwa bajeti ya dharura inayoanza upya kila mwaka kana kwamba watu wameshuka kwenye malori jana.

Wala ugonjwa huu wa kutopanga matengenezo si wa Nakivale peke yake. Mei 2023 daraja la Katonga lilifungwa baada ya mafuriko, na malori ya matoke ya Isingiro yaliyokuwa yakienda Kampala yakalazimika kuzunguka kupitia Sembabule. Daraja la Karuma, la mwaka 1963, lilingojewa hadi 2024 ndipo likafungwa kwa matengenezo. Fedha za maji zinazoshuka wilayani huelekezwa zaidi kwenye visima vipya; ukarabati hupata kipande kidogo. Sasa mkopo wa Ufaransa umeingia kwenye mradi wa kuvuta maji ya mto Kagera kutoka Nshungyezi kwa ajili ya Isingiro na Mbarara. Ni mradi mzuri, na unahitajika. Je, umri wa kila pampu yake umeandikwa wapi?

Serikali inajua kuhesabu mali inapotaka. Mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya usambazaji wa umeme iitwayo Umeme ulipokwisha Machi 31, 2025, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipitia hesabu za uwekezaji uliobaki, dola milioni 118 zikalipwa, na kampuni ikadai zaidi. Ugomvi ulikuwa mkubwa, lakini angalau palikuwa na vitabu vya kugombania. Kisima cha kijiji hakina hata ukurasa mmoja.

Mwandishi wa barua hii anaomba mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Kontrola ibadilishwe kabla muhula wa tatu haujafunguliwa. Kila mradi wa maji wa Nakivale ufunguliwe daftari lenye aina ya kila kifaa, mwaka kilipofungwa na mwaka kitakapobadilishwa, na nakala ibaki kwa mwenyekiti wa RWC, baraza la wakimbizi, na kwa LC1, baraza la kijiji. Michango ambayo kaya hutoa kila mwezi itengewe akaunti ya vipuri, na salio lake lisomwe mbele ya watu. Na shirika lolote lisiruhusiwe kukabidhi mradi bila daftari hilo.

Jibu la Mheshimiwa Mkurugenzi libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa Base Camp, hapa Nakivale, kwa Kiswahili na Kinyankole, likiwa na tarehe ya kazi na jina la ofisa atakayeisimamia, ili wazazi wajue mlango wa kugonga tarehe hiyo ikipita.