Gredi ya 7 hadi 9: si watoto, si watu wazima, na shule haijui iwaweke wapi

Tangu Januari 2023, mwanafunzi wa Gredi ya 7 amebaki kwenye uwanja ule ule alioanzia PP1 akiwa na miaka minne. Serikali ilipoweka sekondari ya msingi (JSS) ndani ya shule za msingi, wazazi wengi walifurahi kwamba mtoto atalala nyumbani. Baadaye mjadala ukageuka wa walimu, na nani awe bosi wa nani. Kijana mwenyewe hatajwi sana.

Hebu tumtazame. Akiwa na miaka sita hivi, ubongo wake tayari umefikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kumbe ukubwa si ukomavu. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwambia mtu "ngoja kwanza, fikiria", huendelea kujengeka hadi miaka ya ishirini na kitu, ilhali zile za hisia huwaka mapema. Ndiyo maana kijana wa miaka 13 anaweza kufanya aljebra vizuri akiwa ametulia, halafu arushe kiti kwa sababu msichana fulani amemcheka. Mwalimu ataona jeuri tu, na kiboko kitatoka kabatini ingawa kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001.

Usingizi nao ni kesi nyingine. Mtu anapobalehe, saa ya mwili husogea mbele, kwa hivyo usingizi huja akiwa amechelewa. Kanuni za elimu za 2015 zinataka masomo yaanze saa mbili asubuhi, lakini nenda mtaa wowote saa kumi na mbili uone nani yuko barabarani na begi. Halafu tunamwita mvivu akisinzia!

Kwa wasichana, sheria ya 2017 iliahidi sodo za bure. Sawa, lakini atabadilishia wapi kama choo kilijengwa kwa watoto wadogo, hakina maji wala komeo?

Sisemi wahamishwe. Kukaa karibu na mzazi katika umri huu kuna faida kubwa, na bweni halilei mtu. Ila kuwa uwanja mmoja si lazima iwe sheria moja. Katika baadhi ya shule, mvulana wa Gredi ya 9 aliyemzidi mwalimu kimo bado anapanga laini ya uji nyuma ya watoto wa PP2.