KIVULI CHA MAADI NI CHA NANI?



Juma lililopita Profesa wetu wa jeografia alituletea foto mbili. Katika foto ya kwanza kuna njia moja pana, miti imeifunika toka huku hata kule, maua mekundu ya flamboya yameanguka chini kama mkeka, na mzee mmoja ameshika tiyo anamwangilia majani. Katika foto ya pili hakuna kitu: mawe, mchanga, bonde kavu, hata jani la kumpa mbuzi hakuna. Akatuuliza, toka foto hii mpaka ile ni mwendo gani? Wengine wakasema siku mbili kwa motokari. Mmoja akasema hizi ni inchi mbili mbalimbali. Profesa akacheka. Akasema ni Cairo yote miwili, mji mkubwa wa Misri. Ile yenye miti ni kartie ya Maadi, kando ya mto Nil. Ile kavu ni bonde la Wadi Degla, nalo liko mgongoni mwa Maadi. Mtu akitoka asubuhi kwa miguu, jua halijafika utosini amekwisha kufika jangwani.

Hapo kelele ikaanza, na kelele ile haijaisha mpaka leo, hata katika interna usiku. Wengi wanasema: ningepata bahati ningekaa Maadi, pale ni Edeni. Wengine wanasema: watu wa pale ni wachoyo, wanakunywa maji ya wengine kwa ajili ya majani. Sisi wa mwaka wa tano tumeombwa kutoa mawazo yetu katika gazeti hili. Tumekaa jioni tatu juu ya jambo hili, na hatukupatana katika yote, lakini tutasema yale tuliyopatana.

Kwanza, ile miti haikuota yenyewe. Wenzetu wengi hawaelewi neno hili kwa sababu sisi huku tunatupa kokwa la avoka nyuma ya jiko na kesho kutwa kuna mti. Cairo mvua inayonyesha mwaka mzima ni karibu milimita 25 tu. Kwetu milimani mwaka unapita milimita 1000, na bado tunanungunika juu ya matope. Kwa hiyo kule kila mti ulio hai, kuna mtu aliyeuletea maji, na akiacha, mti unakufa. Tena wakati wa masika upepo wa jangwa unavuma kutoka kusini, umejaa mchanga, mchana unakuwa sawa na magharibi. Wenyewe wanauita khamsin. Ndiyo, ni hamsini yetu hii hii, neno ni lile lile la Kiarabu, kwa sababu wanasema unakuja katika siku hamsini. (Na njia ya maduka inayojulikana sana Maadi ni namba 9, wanaiita tisa. Tulifurahi sana kusikia, maana tulidhani Kiarabu ni kigumu!)

Historia yake ni hivi. Mbele ya mwaka 1904 Maadi ilikuwa mashamba na kivuko. Jina lenyewe linatokana na kuvuka mto kwa mtumbwi. Reli ya kutoka Cairo kwenda Helwan ilikuwa inapita hapo. Kampuni moja ya ardhi, Delta Land, ikanunua mashamba yale, na ofisa mmoja mstaafu wa Kanada, Alexander Adams, akachora njia na mizunguko. Kampuni ikaweka sheria: nyumba isizidi ukubwa fulani, sehemu ya kiwanja ibaki bustani, na kelele zisizidi. Mfereji ulioitwa Khashab ulipita katikati, miti pande mbili. Leo mfereji ule umefukiwa, limebaki jina la njia tu. Basi kivuli kile kilianza kama biashara. Nani alikaa humo? Wageni na matajiri. Mkulima aliyelima pale hakupewa villa, alipewa kazi ya kumwangilia bustani ya villa.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu, maana pale pale Maadi kulifanyika jambo ambalo lingetufaa hata sisi leo. Mwaka 1913 mtu wa Marekani aitwaye Frank Shuman alijenga pale vioo virefu vilivyopindwa kama mfereji, vikakusanya jua, vikachemsha maji, na mvuke ukaendesha pompi. Pompi ile ilipandisha maji ya Nil zaidi ya litre 20,000 kwa dakika moja ili kumwangilia mashamba. Kwa jua tu! Hakuna makala, hakuna mazuti. Mwaka uliofuata vita vikuu vikaanza, na mashini ile haikuendelea. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na sisi kila jioni bado tunangoja kikundi cha elektrojeni kiwake ili tusome. Tunaliacha neno hili hapa, Bwana Prefe atatusamehe.

Sasa neno la maji. Kwa mapatano ya mwaka 1959 kati ya Misri na Sudani, Misri ilijiwekea miliari 55,5 za meta za ujazo kila mwaka. Wamisri wamepita milioni 100 tangu mwaka 2020. Chukua kalamu ugawanye mwenyewe: kila mtu anapata kama 550, na wataalamu wanasema nchi iliyo chini ya 1000 kwa mtu ina shida ya maji. Ndani ya hayo kuna ngano, pamba, viwanda, kuoga, kupika, na pia majani ya Maadi. Wale wanaosema “uchoyo” wanashikilia hesabu hii. Sisi tunasema hesabu ni ya kweli, lakini mzee mwenye tiyo siye anayemaliza Nil. Sehemu kubwa ya maji inakwenda mashambani. Ukikata miti yote ya Maadi leo, mkulima wa chini hataona hata ndoo moja imeongezeka. Atakachoona ni vumbi.

Na maji yale, wengi hamjui, mengine yanatoka kwetu. Rutshuru na Rwindi zinaingia ziwa Edward. Kule Ishango ziwa linatoka na kuitwa Semliki, linapita chini ya Ruwenzori, linapokea maji ya barafu na mvua, linaingia ziwa Albert, na hapo ndipo safari ya kwenda Cairo. Kijito chetu kilicho chini ya interna, kile tunachofulia nguo siku ya posho, nacho kiko njiani. Tusijivune kupita kiasi: karibu sehemu 85 kwa 100 za maji yanayofika Misri zinatoka milima ya Ethiopia, na yale ya maziwa yetu karibu nusu yanapotea katika mabwawa ya Sudd, Sudani Kusini. Lakini sabuni yetu kidogo, bila shaka, imepita hapo.

Mjomba wa mwenzetu mmoja alikwenda Cairo kwa mafunzo ya kilimo. Alikuja kumtembelea mtoto Jumapili iliyopita, tukamzunguka chini ya mwembe. Tukamuuliza, ulikaa Maadi? Akasema, “Mimi? Nilikaa katika nyumba za matofali mekundu, orofa juu ya orofa, ukinyoosha mkono dirishani unasalimia jirani. Mti ulikuwa mmoja kwa njia nzima, na ulikuwa wa mwenye duka la chai.” Siku ya Ijumaa, siku yao ya pumziko, walikuwa wanapanda metro mpaka kituo cha Maadi, yeye na wenzake wawili wa Sudani, wanakaa tu kando ya ukuta wa watu, chini ya kivuli. Hawakununua kitu. Hakuna aliyewafukuza. Akasema mwanzoni aliona haya, kama mtu anayekula kwa jirani bila kuitwa. Kisha akaona familia nyingine zinafanya vile vile, mama na watoto, wamekuja na mkate wao. Tukamuuliza, uliwachukia wenye nyumba? Akafikiri. Akajibu: “Nilichukia kurudi.”

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike. Kwa sababu wale wenzetu wanaosema “natamani kukaa Maadi” na wale wanaosema “Maadi ni dhambi” wote wanazungumza kama kwamba kivuli ni kitu cha mwenye nyumba. Lakini mti wa njiani hauulizi kitambulisho. Kosa la Cairo si kwamba kartie moja ina miti. Kosa ni kwamba mtu anapaswa kupanda metro ili akae chini ya mti. Tena hata hiyo michache haina amani. Miaka ya 2019 na 2020, katika kartie ya Heliopolis, miti mingi ya zamani ilikatwa ili njia zipanuliwe na madaraja yajengwe. Mwaka 2022 nyumba za mashua, kama thelathini, zilizokuwa zimefungwa kandokando ya Nil, ziliondolewa, na waliokaa humo miaka mingi wakatoka. Maadi yenyewe, villa nyingi zimevunjwa na magorofa yamesimama badala yake. Sababu zilitolewa, na nyingine ni sababu za haki: mji una watu zaidi ya milioni 20, magari lazima yapite. Lakini mti wa miaka themanini ukikatwa jangwani, hakuna mvua itakayourudisha. Nani atashika tiyo miaka themanini mingine?

Mwalimu wa dini alitukumbusha kwamba ukingoni mwa mto pale Maadi kuna kanisa la Wakopti, na mapokeo yao yanasema Yosefu, Maria na mtoto walipanda mashua hapo walipokuwa wakimbizi. Mwaka 1976, wanasema, Biblia ilionekana inaelea majini mbele ya kanisa hilo, imefunguka kwa Isaya 19. Someni wenyewe mlango huo, mtaona habari ya mto kukauka, na habari nyingine nzuri mwishoni. Sisi tulilishika hasa neno la wakimbizi. Hata leo, nyuma ya villa zile, katika vichochoro vya Arab el-Maadi, wanakaa watu wengi waliokimbia vita vya Sudani. Wanaenda wapi jua likichoma? Wanaenda penye miti, kama mjomba.

Basi tufike kwetu. Mnajua wote kwamba matofali ya dortuari mpya yanataka kuni za kuchoma, na kamati imeonyesha ile mistari ya miti iliyo kando ya kijito. Kuna wanaosema, “miti huku ni ya bure, itaota tena.” Ni kweli, itaota. Lakini ukingo ule ni udongo laini, na mvua ya mwezi wa kumi na moja haingoji mti ukue. Zaidi ya hayo, pale ndipo wanakaa wanawake wanaotoka soko na mizigo yao, na hakuna aliyewauliza. Kule mlimani tuko na mikaratusi ya zamani iliyopandwa ili ikatwe. Ni mbali, ndiyo. Itatutaka kazi ya mikono Jumamosi mbili, labda tatu, kubeba kichwani. Sisi wa mwaka wa tano, wavulana na wasichana 34, tumeandika majina yetu kwamba tutabeba.

Karatasi iko mezani kwa Bwana Prefe tangu Jumatatu. Jibu bado. Lakini jana jioni tulipita depo, na mashoka yamekwisha kunolewa.