Kalemie: «Madesu ya bana» ni maharagwe gani?

Mgeni akisikia polisi wa roulage anaomba «madesu ya bana», atafikiri watoto wa huyo polisi wamelala njaa. Kwa Lingala, maneno hayo ni maharagwe ya watoto. Lakini mwendesha pikipiki wa Kalemie haendi sokoni kununua maharagwe. Anaingiza mkono mfukoni na kutoa franka. Ni rushwa. Anayetaka kuomba kwa upole zaidi anasema «sucré», ila hakuna chupa inayofunguliwa.

Misemo hii inachekesha, na si yote mibaya. Watu wenye taabu wamejifunza kuicheka taabu yao. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wanaita «chai». Kenya wanaita «kitu kidogo». Shida ni kwamba jina tamu linaondoa haya. Nani atamnyima mtoto maharagwe? Anayekataa ndiye anaonekana mwenye roho mbaya, hata kama sheria iko upande wake. Sheria namba 05/006 ya tarehe 29 Machi 2005 inaadhibu rushwa kwa anayeitoa na anayeipokea.

Msemo unaoharibu zaidi ni «Article 15». Kila Mkongomani anajua maana yake: jitafutie, usingoje serikali. Maji hayatoki kwenye bomba? Article 15. Mwalimu hajapata mshahara? Article 15. Ni sifa kwa wakaaji wanaojua kujitegemea, lakini pia ni mto laini kwa kiongozi asiyetaka kuamka.

Na kifungu cha 15 kiko kweli katika Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Hakisemi jitafutie. Kinaagiza viongozi wa serikali wahakikishe kwamba ubakaji na unyanyasaji wa kingono, unaotumiwa kama silaha ya kuvunja jamaa, unakomeshwa. Kwa wamama wa Tanganyika waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya vita, hiyo ni ahadi, si mzaha.

Hakuna haja ya kuzika misemo. Inchi isiyocheka itakufa mapema. Lakini barabarani, rushwa iitwe rushwa, kwa sauti, mbele ya abiria. Na siku kiongozi atakapomwambia mkaaji «Article 15», jibu liwe fupi: «Sawa, mheshimiwa. Tuisome pamoja mpaka mwisho.»